Dengu Jichoni mwa Ralitsa

Ijumaa ile ya wiki ya Pasaka, Bibi Stoyna alimkamata mjukuu wake shingo, akamwinamisha kwenye chemchemi ya Mtakatifu Petka, akaanza kumwosha macho kwa nguvu, vile anavyoosha viazi. Kijiji kizima kilikuwa nyuma yao kwenye mstari, kila mtu na chupa yake. Maji yale kwetu ni ya macho. Kijiji cha juu maji yao ni ya tumbo, na wale wa ng'ambo ya mto wana ya kichwa, ingawa ukiwasikiliza wakiongea utaona hayajawasaidia sana. Sisi tulipewa macho, basi tunaosha macho.

"Bibi, ngoja kwanza," Ralitsa akasema, maji yanamtiririka mpaka ndani ya blauzi. "Nina leshta."

"Zipo nyumbani, kifaranga changu, sufuria nzima. Utakula ukirudi. Fungua jicho."

"Bibi, nasema nina leshta."

"Nimekusikia. Fungua jicho, watu wanasubiri."

Ralitsa akafungua jicho. Angefanyaje? Nyuma yake Bi Dochka alikuwa ameshaanza kukohoa kile kikohozi chake cha kuharakisha watu.

Hapa lazima nisimame kidogo, maana bila neno hili mtapotea. Kwetu dengu tunaziita leshta. Halafu watu wa mjini walipoleta lenzi, vile viganda laini vya kuvaa juu ya jicho badala ya miwani, navyo wakaviita leshta, eti kwa sababu umbo ni lile lile. Neno moja, vitu viwili. Kijana ukimwambia leshta anafikiria jicho. Bibi Stoyna ukimwambia leshta anafikiria kitunguu na karoti.

Na alikuwa na sababu zake. Wakati wa baridi mkwe wake, Temenuga, mama yake Ralitsa, alisema mezani, "Mama, Rali ataanza kutumia leshta kila asubuhi. Miwani inamruka akicheza." Maana Ralitsa yumo kwenye kikundi cha ngoma cha kijiji, na ukiwa na miwani nzito ile, mstari ukishika kasi, wewe unacheza huku na miwani inacheza kule. Bibi hakuelewa dengu na miwani vina undugu gani, lakini alifurahi kwamba mtoto ataongeza damu. Kesho yake akaloweka dengu. Tangu hapo Ralitsa anavaa leshta chumbani, anashuka jikoni, anakuta sahani ya leshta inamngoja. Hapendi dengu hata kidogo. Anampenda bibi yake, basi anakula.

Ijumaa ile alicheza mpaka viatu vikamchubua, macho yake yanang'aa, na Bibi Stoyna alisimama pembeni akiwaambia watu, "Mnamwona? Nimetoka kumwosha sasa hivi."

Jicho la kulia lilianza kuwasha baada ya sikukuu. Mwanzoni Ralitsa alisema ni vumbi. Akazivua zile lenzi, akaziweka kwenye kikopo chake karibu na sinki, akarudi kwenye miwani. Halafu likawa jekundu. Halafu likaanza kuuma, na maumivu yenyewe hayakuwa ya jicho, yalikuwa kama jino linalouma ndani ya jicho. Alifunga pazia, akajifunika blanketi kichwani mchana kweupe.

Bibi Stoyna akachemsha chai ya maua ya kamomili, akaipooza, akalowesha pamba. Aliposhindwa na kamomili akaleta chupa ya Mtakatifu Petka, ile aliyoijaza Ijumaa.

"Bibi, inauma zaidi."

"Inauma kwa sababu inafanya kazi. Dawa isiyouma ni sharubati."

Bi Dochka, jirani wa upande wa barabara, alisikia habari, akavuka na chupa yake ya matone, iliyobaki tangu alipofanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho. "Haya yaliandikwa na profesa," akasema. "Mimi nilikuwa sioni kuku wangu. Sasa naona mpaka wa jirani." Wakamwekea Ralitsa matone ya Bi Dochka. Wekundu ukapungua. Bi Dochka akatembea kijijini kifua mbele, anawashauri watu mpaka mambo ya magoti.

Ikapita kidogo tu, jicho likarudi na hasira. Sasa Ralitsa hakuweza kuvumilia hata ule mwanga unaopita chini ya mlango. Temenuga aliporudi kutoka kazini akamkuta ameketi sakafuni kwenye kona, uso ukutani, na bibi yake ameketi sakafuni pembeni yake, amemfunika kwa aproni.

"Imetosha," Temenuga akasema. "Kesho nampeleka kwa Lyuben wa miwani."

Temenuga anashona mjini Asenovgrad, kwenye karakana ya magauni ya maharusi. Pale mjini ukirusha jiwe unampiga bibi harusi, na kila bibi harusi anataka shanga elfu kifuani. Asubuhi alikwenda kuomba ruhusa. Mwenye karakana, Galina, alikuwa amesimama katikati ya mashine, na wanawake wote wamenyamaza wasikie.

"Jicho?" Galina akasema. "Temenuga, nani hapa mtoto wake hajawahi kuumwa jicho? Inueni mikono."

Hakuna aliyeinua. Walikuwa na aibu, lakini hawakuinua.

"Anaumia sana, Bi Galina. Hali chakula."

"Na bibi harusi wangu Jumamosi aende kanisani na kifua kitupu?"

Temenuga akageuka haraka, mkoba wake ukagonga bakuli la shanga, zikatawanyika sakafu nzima. Galina akaziangalia, akamwangalia yeye. "Ziokote, halafu uende." Basi akapiga magoti akaokota shanga, moja moja, binti yake akimsubiri nje kwenye benchi na kitambaa usoni. Mwanamke mmoja aliacha mashine yake akainama kumsaidia. Galina akasema, "Wewe nani kakuita?" Mwanamke yule akarudi kukaa.

Duka la Lyuben la miwani liko nyuma ya soko, mlango wake wa kijani haukubali kufunga mpaka uuinue kidogo. Lyuben ni kijana wetu, babu yake alikuwa fundi viatu. Alisomea kupima macho, akarudi. Watu humwita daktari, naye kila siku anasema, "Mimi si daktari, mimi ni mpima macho," nao wanajibu, "Sawa, daktari."

Ndani kulikuwa na mama mmoja na kijana wake wanangojea miwani. Alipomwona Ralitsa akamvuta mwanawe. "Kaeni kule," akasema. "Hilo jicho linaambukiza."

"Na ulimi je?" Temenuga akamjibu. "Maana wako ningeuogopa."

Lyuben akatoka, akamtazama Ralitsa mara moja, akawaambia waliotangulia wamsamehe. Akamwingiza chumba cha ndani, akazima taa. Ralitsa aliweka kidevu kwenye ile mashine yake, ambayo inarusha mwanga mwembamba kama uzi na yeye anachungulia upande wa pili. Machozi yalikuwa yanamtoka kama bomba bovu.

"Najua, Rali. Najua. Fungua kidogo tu. Ukichoka, nigonge begani."

Akamgonga begani mara nyingi. Lyuben akasubiri kila mara. Halafu akamwekea tone la rangi ya manjano, akawasha taa ya bluu. Palipo na jeraha rangi hiyo hung'aa kijani. Juu ya kile kioo cha mbele cha jicho paling'aa kamstari kenye matawi, kama kijiti.

Sasa kijiti kama hicho Lyuben alishakiona. Kuna kirusi, ndicho kile cha vidonda vya mdomoni ukipata homa, kinaweza kupanda jichoni na kuchora matawi hivyo hivyo. Mkono wake ulikuwa tayari unavuta karatasi ya kumwandikia hospitali. Lakini kitu kikamkataza. Akachukua uzi mwembamba wa pamba akaugusisha pembeni ya jicho. Ralitsa aliruka mpaka kiti kikasogea.

"Hapa pana jambo," Lyuben akasema polepole. "Kirusi kile mara nyingi kinalifanya jicho lizubae, lisihisi kuguswa. Lako halijazubaa. Maumivu yako ni makubwa kuliko ninachokiona. Rali, niambie ukweli, sikugombezi. Ulilala nazo zile lenzi?"

"Hapana."

"Uliogelea nazo? Kuoga? Maji yoyote yaliingia?"

"Hapana, daktari. Ulivyoniambia ndivyo nilivyofanya."

Na hakuwa anadanganya. Kwetu maji ni ya bomba, ya mto, ya kunyweshea nyanya. Ya Mtakatifu Petka ni ya Mtakatifu Petka. Mtu akikuuliza kama umeingiza maji jichoni, hata sekunde moja hufikirii chemchemi, kama vile padri akikupa mkate wa baraka husemi umepata kifungua kinywa.

"Lenzi zenyewe ziko wapi? Usiniambie umezitupa."

"Ziko nyumbani, kwenye kikopo chake."

"Safi. Nazitaka. Hospitali watazipima." Akapiga simu nyumbani kwao.

Bibi Stoyna akapokea. Yeye simu huipokea kwa sauti ya mtu anayeita ng'ambo ya mto. "Nani huyo?"

"Shikamoo, Bibi. Ni Lyuben wa miwani. Naomba utuletee leshta za Rali."

"Za Rali?"

"Ndiyo. Na kopo lake. Usizioshe, Bibi, nakuomba sana, usiziguse. Njoo na basi linalofuata. Ni kwa ajili ya jicho."

"Kumbe," Bibi Stoyna akasema. "Sikujua zinatibu na macho."

Lyuben akadhani bibi anatania.

Bibi Stoyna aliingia dukani na kitambaa chake cha kanisani kichwani, jasho linamtoka, mikono miwili imekumbatia kopo kubwa la bati. Kwenye kiwiko amening'iniza mfuko, na ndani ya mfuko mtungi uliofungwa taulo. Akaweka kopo mbele ya Lyuben, akalifungua.

"Hazijaoshwa," akasema. "Zina mawe, uniwie radhi, sikuwahi kuzichagua. Na hii kwenye taulo imepikwa, kama jicho linataka ya moto."

Lyuben akaangalia dengu. Akamwangalia bibi. Yule mama wa ulimi mrefu alianza yeye, akacheka mpaka akajishika mbavu, kijana wake naye, na Ralitsa huku amejiziba jicho akaanza kucheka na kulia kwa pamoja. "Bibi, usinichekeshe, inauma. Jamani, inauma."

Temenuga peke yake hakucheka. "Mama," akasema, "umetuletea dengu kwa daktari."

"Si alisema leshta? Niliuliza mara mbili."

Lyuben hakutaka bibi wa watu abaki pale katikati anachekwa. Akavuta droo, akatoa lenzi mpya, akaiweka kwenye ncha ya kidole chake. "Ndiyo hii, Bibi. Sisi tunaiita leshta pia. Ni kosa letu sisi, tuliiba jina."

Bibi Stoyna akasogeza uso mpaka pua ikakaribia kidole. "Ngozi ya kitunguu hii."

"Karibu."

"Na hii inakaa wapi?"

"Juu ya jicho."

"Juu ya jicho lenyewe? Siku nzima? Rali anavaa hii?"

"Tangu wakati wa baridi, Bibi," Ralitsa akasema.

Bibi Stoyna akatafuta kiti kwa mkono, akakaa. Kile kitambaa cha kanisani akakivua, akakikunja magotini, akakikunjua. "Kwa hiyo pale chemchemini," akasema, "uliponiambia una leshta."

Lyuben alikuwa anaifuta mikono. Akaacha. "Chemchemi gani, Bibi?"

Akamweleza. Alieleza yote, mstari wa watu, kikohozi cha Dochka, alivyomlazimisha afungue jicho, na kwamba tangu hapo amekuwa akimwongezea kutoka kwenye chupa kila jicho linapozidi. Alieleza akimtazama Lyuben tu. Upande alipo Temenuga hakutazama.

Lyuben akazima taa tena. Akamrudisha Ralitsa kwenye mashine, akachungulia muda mrefu, na safari hii alijua anatafuta nini. Akaona nyuzi za ukungu, nyembamba mno, zinatoka pembeni kuelekea katikati kama mizizi. Zilikuwa zinafuata mishipa ya fahamu ya jicho. Ndiyo maana lilikuwa linauma vile.

Aliwasha taa. "Ni amiba," akasema. "Mdudu wa majini, mdogo, humwoni. Yuko kwenye bomba, kwenye kisima, popote. Jicho likiwa tupu, machozi yanamfagia. Lakini lenzi ni kama sifongo, inamnasa inamkalisha pale pale. Anakula kioo cha jicho taratibu. Tukimwahi, Rali ataona. Akizama ndani, upande huo atabaki na mwanga na kivuli, isipokuwa abadilishiwe hicho kioo."

Temenuga alisimama. "Umemchoma mwanangu jicho," akamwambia mama mkwe wake. Hakupiga kelele, lakini duka zima lilisikia. "Chemchemi, kamomili, Dochka. Kila mtu kaweka mkono. Mimi nashona usiku na mchana nimnunulie lenzi, wewe unamtilia matope."

"Nilitaka aone vizuri."

"Nani alikuomba?"

Bibi Stoyna aliinama akaushika ule mtungi wa dengu, akauweka chini ya kiti, nyuma kabisa, mahali usipoonekana.

"Temenuga, hayo baadaye," Lyuben akasema. "Dochka kaweka nini?"

Temenuga akatoa chupa mkobani. Lyuben akaisoma, akaitia mfukoni mwake. "Hii basi, kuanzia sasa. Hii inalituliza jicho ili mdudu ale kwa amani." Halafu akachuchumaa mbele ya kiti cha bibi. "Bibi, nisikilize. Mama yangu naye anaosha macho pale pale, na hana kitu. Kosa ni ile lenzi chini ya maji. Na usingekuja na kopo lako mimi ningeandika kirusi, wangempa dawa ya kirusi, na mdudu angeendelea. Umesikia?"

"Nimesikia," Bibi Stoyna akasema, lakini sura yake haikuwa ya mtu aliyesikia.

Lyuben akafunga duka. Yule mama wa ulimi mrefu aliondoka bila miwani yake. Wakapanda gari la Lyuben, wakapita kijijini, Temenuga akaingia ndani mbio akatoka na kikopo cha kweli kimefungwa kwenye mfuko, wakanyoosha mpaka hospitali kubwa ya Plovdiv. Njia nzima Ralitsa aliulaza uso wake kwenye paja la bibi yake. Temenuga alikaa mbele, akatazama barabara.

Hospitalini daktari mwanamke, mpole, alimpa Ralitsa dawa ya ganzi, akamkwangua jicho kidogo kwa ajili ya kipimo. Majibu yakaja vile Lyuben alivyosema, na kwenye lenzi wakamkuta mdudu yule yule. Walimlaza. Waliporuhusiwa kurudi nyumbani walipewa matone ya aina mbili na amri moja, kila saa tone, bila kuruka, na baadaye kidogo kidogo yatapunguzwa. Itachukua miezi. "Kama hamtaruka saa nyingi," daktari alisema, "nina matumaini na jicho hili."

Temenuga akachukua likizo bila malipo, akayashika matone yeye. Bibi Stoyna alipokaribia kitanda akaambiwa, "Usimguse." Basi hakugusa. Akahamia jiko la uani, akawa anakula peke yake, mkate na chumvi na kitunguu, na chungu chake kikubwa kilikaa juu chini. Rangel, baba yake Ralitsa, yuko Ujerumani anapaka rangi nyumba za watu. Alipiga simu. "Mwache mama, mzee yule," akamwambia mkewe. "Sawa," Temenuga akajibu, "njoo basi uweke matone wewe." Rangel akasema mtandao unakatika.

Mimi, jirani yao, nilikuwa namwona Bibi Stoyna kupitia mizabibu yangu. Anafagia ua ambao ameufagia asubuhi. Saa ya kanisa ikigonga anasimamisha ufagio, anatazama dirisha la chumba cha Ralitsa mpaka aone kivuli cha Temenuga kimeinama na kimenyanyuka. Hapo ndipo anaendelea kufagia.

Galina hakungoja sana. Alipiga simu akasema ama Temenuga arudi Jumatatu, ama kuna mwanamke mwingine na vidole vyake ni vyepesi. Na bila ile kazi matone yenyewe yatanunuliwa na nini? Bi Dochka akajitolea kuyaweka yeye. Alikuja na aproni safi kabisa.

"Mimi nina uzoefu wa macho," akasema.

"Bi Dochka hapana," Ralitsa akasema kutoka chini ya blanketi. "Bi Dochka aende akaone kuku wa majirani. Nataka bibi."

"Bibi yako mikono inamtetemeka," Temenuga akasema.

"Basi atetemeke. Kuliko wewe uokoteshwe shanga tena, mama."

Temenuga alikuwa hajui kwamba mtoto aliona, siku ile, kupitia mlango wa karakana. Alikaa kidogo kitandani. Halafu akatoka uani akasimama mlangoni mwa jiko. "Njoo nikuonyeshe," akasema.

Bibi Stoyna akaonyeshwa. Sabuni mpaka kwenye viwiko, taulo safi, vuta kope la chini, usiguse kitu kwa ncha ya chupa. Tone la kwanza liliangukia puani. La pili liliingia sikioni.

"Bibi, unanibatiza," Ralitsa akasema.

"Nyamaza, utanifanya nicheke, nitakosa tena."

"Umekosa tayari."

"Mama," Temenuga akasema, "egemeza mkono kwenye paji la uso wake. Hivi. Uache utetemeke na kichwa chake pamoja."

Bibi Stoyna akauegemeza. Mkono ukatulia. Tone likaingia. Wote watatu walibaki wameinama vile vile, hakuna anayesogea, kama watu wanaobeba kitu kilichojaa mpaka ukingoni.

Jumatatu Temenuga alikuwa na koti mwilini na basi linapiga honi barabarani, naye bado amesimama mlangoni anatazama. Bibi Stoyna alinawa, akakausha, akasogeza pazia, akachukua chupa.

"Vidole, mama," Temenuga akasema. "Umeshika pazia."

Bibi akaiweka chupa, akarudi kwenye sinki, akaanza upya kutoka kwenye viwiko. Ndipo Temenuga akakimbilia basi.

Kiangazi chote kilipita hivyo. Mizabibu ilipopata majani Ralitsa aliletwa nje na miwani nyeusi, akakaa kivulini, na bibi yake pembeni na saa ya ukutani aliyoitoa jikoni akaipakata mapajani kama paka. Maumivu yalipungua, yakarudi, yakapungua tena. Kikundi cha ngoma kilikwenda kucheza mbali bila yeye, wakamletea picha, akaziangalia kwa jicho moja, akazirudisha. Chemchemini Bibi Stoyna aliendelea kwenda, lakini alikuwa anasimama mwanzo wa mstari anawauliza wasichana wa watu, mmoja mmoja, "Una leshta machoni wewe? Za macho, si za tumbo. Zitoe." Padri aliudhika kidogo, akazoea.

Majira ya zabibu daktari wa Plovdiv alisema mdudu amekufa. Sasa kilichobaki ni kovu, na kovu linaweza kuwa dogo au kubwa, mwende kwa mpima macho wenu ajue jicho linaona nini.

Wakaenda wote watatu. Galina safari hii alitoa ruhusa, kwa nusu siku na kwa sura mbaya. Lyuben akamkalisha Ralitsa kwenye kiti, akamfunika jicho la kushoto, lile zima. Ukutani kule mwisho kulikuwa na ubao wa herufi, na chini ya ubao kiti kimoja kilichokuwa wazi, ndipo Bibi Stoyna alipokaa, mkoba magotini, ameiweka mikono yake juu ya mkoba kama anayepigwa picha.

"Soma, Rali. Taratibu."

Ralitsa akasoma ile kubwa ya juu. Akasoma mstari unaofuata, na unaofuata. Sauti ikaanza kusita. Herufi moja akaipa jina la nyingine. Temenuga alikuwa amesimama ukutani, anauvuta ukanda wa mkoba wake. Mstari wa katikati Ralitsa alianza, akaacha, akainamisha kichwa upande, akaanza tena.

"Hapo pana ukungu," akasema. "Kama dirisha la jikoni wakati wa kupika."

"Sawa," Lyuben akasema. "Usijilazimishe."

Nje sokoni mtu alikuwa anabishania bei ya pilipili. Lyuben alishika kalamu lakini hakuandika, na Bibi Stoyna alikuwa ameshusha macho chini, akiangalia mikono yake.

"Bibi," Ralitsa akasema, bado amefunikwa jicho.

"Naam, kifaranga."

"Mbona umevaa soksi mbili tofauti?"

Wote wakatazama miguu ya Bibi Stoyna. Mguu mmoja ulikuwa na soksi ya kijivu, mwingine ya kahawia, na rangi zile hata mimi na macho yangu haya nisingezitenga kwa umbali ule.

Temenuga alijiziba mdomo kwa ule mkoba. Lyuben akafungua kinywa aeleze kitu, pengine kwamba kovu limeacha nafasi, kwamba miwani sahihi itasaidia, maana yote hayo yalikuwa kweli na aliyasema baadaye. Bibi Stoyna hakumpa nafasi. Alinyoosha miguu yote miwili mbele, akapandisha sketi kidogo ili zionekane vizuri.

"Andika, daktari," akasema. "Kijivu, na kahawia. Andika vile vile alivyosema."

Lyuben akaandika.